Ngiri, Sange na Handaki la Mlango Mmoja

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna taratibu, nisije nikashindana na meno yako. Nikisema "Ngano hiyoo!" mjibu "Ipisheni ipite!" Nikiuliza "Ina nini?" mjibu "Ina utamu!" Msiponijibu nafunga mdomo, naenda zangu kulala.

— Ngano hiyoo!

— Ipisheni ipite!

— Ina nini?

— Ina utamu!

Mh! Mmejibu kama wagonjwa. Lakini basi, twende.

Palikuwa na mlima. Upande huu wa mlima palikuwa na jua, vumbi na njaa. Upande wa pili palikuwa na bonde bichi, majani ya kufika magotini, na kijito kinachosema chururu, chururu, mchana kutwa. Harufu ya bonde lile ilivuka mlima ikawatoa wanyama mate. Kuupanda mlima haikuwezekana, kulikuwa na miiba mitupu. Kuuzunguka ndiyo usiseme, maana njia ilipita mlangoni kwa Chui, na Chui si mtu wa kumwambia hodi ukaondoka na miguu yako yote.

Basi wanyama wadogo wakakubaliana wautoboe mlima. Wachimbe handaki, njia ya kupita tumboni mwa mlima, watokee bondeni. Fuko akatangulia mbele, maana kuchimba ndiyo kazi yake tangu kuzaliwa. Nungunungu akafuata nyuma, anasomba udongo. Panya na wanawe wakawa wanausukuma nje. Na Sange alikuwepo. Hammjui Sange? Ni mdogo kama panya, ana vijiguu vyembamba na pua ndefu inayocheza-cheza, inanusa hiki, inanusa kile, haitulii. Sange alibaki yatima angali mchanga, Fuko akamchukua akamlea, ndiyo maana alimwita mjomba.

Na nyapara wa kazi? Nyapara alijichagua mwenyewe. Ngiri! Meno nje, kifua mbele, mkia juu.

"Mwenye nguvu ni mimi," akasema, "kwa hiyo nyapara ni mimi."

Akakaa mlangoni kivulini, wala hakushika hata bonge moja la udongo. Kazi yake ilikuwa kupiga kelele: "Mlango mmoja, nyapara mmoja! Tukitoboa, wa kwanza kutoka ni mimi. Nitakula mpaka nishibe, ndipo nanyi mtoke. Na anayeacha kazi, haki ya nani, hapiti humu!"

Wakachimba. Kwaru kwaru! Kwaru kwaru! Wakaimba:

"Chimba Fuko, tupite,
chimba Fuko, tukale!"

Siku za mwanzo wimbo ulikuwa mtamu. Lakini handaki lilivyozidi kwenda ndani, vumbi nalo likazidi. Lingetokea wapi, mlango wenyewe mmoja, na mlangoni amekaa Ngiri na makalio yake? Likabaki mle mle ndani, likawaingia puani, likawaingia machoni, likawaingia kifuani. Wimbo ukawa hivi:

"Chimba Fuko, koho! koho!
Chimba Fu... hachii!"

Wote walikohoa, lakini Fuko alikohoa kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mbele kabisa. Kifua kikawa kinalia korro, korro. Akichimba kidogo, analala chini. Sange akamshika mkono.

"Mjomba, pumzika."

"Nikipumzika sipiti, mwanangu. Nisipopita nitakula nini upande huu? Vumbi?"

"Mbona vumbi unalila sasa hivi!"

Fuko akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kukoma. Sange akaogopa. Aliogopa kweli, jamani. Aliona mjomba wake atafia mle tumboni mwa mlima kabla hajaonja jani moja la bondeni.

Akatoka mbio, tii tii tii, mpaka kwa Ngiri.

Sasa hapa mnielewe vizuri. Ukoo wa Sange na ukoo wa Ngiri ni watani, tangu kwa mababu zao. Mtani akikuita kichwa boga, unacheka. Mtani akikaa kwenye kigoda chako, unacheka. Mtani akisema mama yako amekufa, unamuuliza kama amekula ubwabwa wa matanga. Ukinuna, faini yako ni kumbeba mtani wako mgongoni. Ndivyo utani ulivyo.

"Mtani wangu," Sange akasema, "tunakufa kwa vumbi. Tutoboe tundu juu, hewa chafu itoke kama moshi wa jikoni unavyotokea darini. Halafu utugawie maji kidogo ya dimbwi lako hapo nje, tunyunyize chini, vumbi litulie."

Ngiri akacheka hadi meno yakagongana, ka ka ka!

"Tundu juu, ili Nyani, yule mdokozi wa vya watu, aingilie huko anitangulie? Mlango mmoja, nyapara mmoja! Na maji yangu ni ya kugaagaa mimi. Eti mnakufa! Wewe Sange, mtani wangu, tangu uzaliwe umewahi kuniambia neno moja la kweli? Ukisema mvua inanyesha, mimi naanika nguo!"

Sange akabaki amesimama. Pua ikacheza, chwi chwi. Kumbe! Ukisema mvua, yeye anaanika nguo. Haya, bwana.

Kesho yake Ngiri aliingia handakini kukagua. Akamkuta Sange huko ndani kabisa, karibu na mahali Fuko anapochimba, ameinua pua kwenye dari, ananusa. Fff! Fff! Fff!

"Unanusa nini hapo?"

Sange akashtuka, au alijifanya kushtuka. "Mimi? Nanusa mchanga tu, mtani."

"Mchanga gani unaonuswa hivyo?"

"Mchanga wa kawaida. Hapa juu hakuna viazi vikuu. Hakuna hata kimoja. Ukichimba kwenda juu, utajichosha bure, na mwisho utaangukia kwenye miiba."

 Mate yakamjaa Ngiri mdomoni, akayameza, gubu! Akawaza: pua ile haikosei, na mdomo ule hausemi kweli. Kasema hakuna viazi! Basi vipo. Kasema hata kimoja! Basi vimejaa. Kasema miiba! Basi ni vitamu hivyo hata mtu hawezi kusimulia.

"Wote nje!" akanguruma. "Leo nyapara anawapa mapumziko!"

Wakatoka wakikohoa, wakamtoa Fuko wakamlaza kivulini. Ngiri akabaki peke yake. Akakita meno darini. Kwaru kwaru! Kwaru kwaru! Udongo ukammwagikia kichwani, pwaa! Vumbi likamwingia puani, hachii! Likamwingia kifuani, koho koho! Lakini mtu mwenye tamaa anasikia kikohozi? Alichimba kwenda juu, akachimba, akachimba, na kila alipochoka alijiambia, "Kimoja nitakichoma, kimoja nitakichemsha, na vingine nitavila hivi hivi." Mpaka kichwa kikatokeza juu ya mlima, chomo! katikati ya miiba.

"Mamaaa!"

Akachungulia huku, miiba. Akachungulia kule, miiba. Kiazi hakuna. Akateleza kurudi chini, burrr, mpaka sakafuni, pu!

Na hapo upepo ukaingia. Vuuuu! Ukaingilia mlangoni, ukapita handakini, ukabeba vumbi lote, ukapanda nalo kwenye lile tundu, ukalimwaga nje juu mlimani. Vuuuu! Wanyama waliokuwa nje wakaona vumbi linafuka kileleni kama moshi wa pilau.

Wakaingia ndani. Heee! Mtu anavuta pumzi mpaka inafika kisiginoni!

"Nani katoboa tundu la hewa?" akauliza Nungunungu.

Ngiri angesema nini? Aseme alikuwa anatafuta viazi vya kula peke yake? Akatoa miiba sikioni, akakohoa, akasema, "Mimi, nyapara wenu. Niliwahurumia."

Wakampigia makofi. Na Sange alipiga makofi kuliko wote.

Kazi ikaendelea, wimbo ukarudi. Lakini bado palibaki vumbi la chini. Panya akipita na udongo, linaruka, pufu! Nungunungu akigeuka, pufu! Fuko akawa anakohoa tena, ingawa si kama mwanzo. Sange akaenda kwa Ngiri, akamkuta anagaagaa dimbwini.

"Mtani wangu, nimekuja kukutoa wasiwasi. Dimbwi lako hili liko salama kabisa. Hakuna mtu anayelitamani. Na Nyani wala hana kiu. Lala usingizi wako."

Akaondoka zake, anaimba.

Ngiri akakaa kitako majini. Liko salama! Basi limekwisha. Hakuna anayelitamani! Basi wamejipanga. Nyani hana kiu! Loo, Nyani mshenzi yule, na tumbo lake lile!

Akatafuta vibuyu. Akachota, chubwi! Akabeba, mbio, mbio, maji yanamwagika njia nzima, chwaa, chwaa. Akafika ndani kabisa ya handaki, akachimba kishimo, akamimina humo ayafiche. Udongo ukayanywa, fyuu. "Kishimo kidogo hiki," akasema, akachimba kingine. Chubwi! Mbio, mbio. Chwaa, chwaa. Fyuu! Akazunguka hivyo kutwa nzima, jasho linamtoka, mpaka dimbwi likabaki tope na handaki likalowa toka mlangoni hadi mwisho. Vumbi likalala chini, likatulia tuli. Na udongo uliolowa ni laini kuchimbika, Fuko akaupenda! Kwaru kwaru, kwaru kwaru, mara akatulia akasikiliza. Chururu, chururu. Kijito! Umebaki ukuta mwembamba tu.

Wakati huo huo Ngiri akaenda kutazama maji yake. Hakuna. Si ndani, si nje. Akapiga ukelele, wote wakakusanyika.

"Sange kanidanganya! Nataka haki yangu! Afukuzwe, yeye na mjomba wake, wasipite!"

 Sange akamtazama mjomba wake, mjomba akamtazama Sange. Kijito kile pale, na mtu anasema wasipite.

Nungunungu akauliza, "Kakwambia nini, nyapara?"

"Kaniambia juu hakuna viazi!"

"Vilikuwepo?"

"Havikuwepo!"

"Kakwambia nini kingine?"

"Eti nikichimba nitaangukia miibani!"

"Ukaangukia wapi?"

"Miibani hasa!"

"Na maji?"

"Kasema yako salama, hakuna anayeyataka!"

"Nani kayachukua?"

Ngiri akavificha vibuyu vyake nyuma ya mgongo.  

Weee! Walicheka! Panya wakalala chali, miguu juu. Nungunungu alicheka mpaka miiba ikamdondoka. Fuko naye akacheka, ha ha haaa! na safari hii hakikufuata kikohozi hata kimoja. Sange aliposikia kicheko kile kisafi, machozi ya furaha yakamtoka, hakujificha.

Ngiri akanuna. Mdomo huo, mrefu kama mchi.

"Aaah! Kanuna!" wakapiga kelele. "Mtani kanuna! Mtani akinuna anabeba! Sange, sema, akubebe wewe mwenyewe au nani?"

"Ambebe mjomba," akasema Sange.

Mila ni mila, Ngiri angefanyaje? Fuko akapandishwa, si mgongoni, kichwani kabisa, katikati ya masikio. Akanyoosha kucha, akaukwangua ule ukuta mwembamba, kwaru! Mwanga ukaingia, na harufu ya majani mabichi. Wakatoka. Ngiri aliapa kuwa wa kwanza kutoka, na hakuna aliyembishia, ila pua ya Fuko ilitangulia. Fuko akavuta hewa ya bondeni, akavuta, akavuta, akasema, "Sange, njoo unuse!"

Haya, funzo. Funzo la ngano hii ni kwamba nyapara aheshimiwe. Nani alitoboa tundu la hewa? Ngiri. Nani alimwagia maji handaki zima? Ngiri. Na yule Sange alifanya nini? Hakushika jembe wala kibuyu, alisema kweli tu, na kweli haijawahi kuchimba shimo. Kwa hiyo wanangu, muwe na tamaa, mchimbe kwa siri, msishirikishe mtu. Wenzenu watapumua vizuri.

— Ngano hiyoo!

— Imeshapita!

— Imeacha nini?

— Imeacha utamu!

Mh. Sasa ndiyo mnajibu.