Jogoo wa Mama Mkwe

Bwana asifiwe! Ahaa, leo mmeitika. Mlangoni kila Jumapili salamu yenu ni moja tu: "Vipi kijana, kazi bado?" Bado. Degree ya uchumi ipo, kazi haipo. Basi Mchungaji amenipa dakika tano, nami nitawalipa kwa mfano.

Chuoni nilifundishwa kwamba mnunuzi ni mtu mwenye akili zake: anajua anachotaka, anajua mfuko wake, anapima, anachagua. Rational consumer! Nikaandika hivyo kwenye mtihani, nikapata A. Jamani, yule mwalimu hajawahi kuhudhuria mnada wa kanisa.

Kulikuwa na bwana mmoja na mkewe, hapa hapa kando ya ziwa. Mama mkwe anakuja kutoka Singida, mara ya kwanza tangu harusi, kumwona mjukuu. Anafika Jumapili saa nane mchana. Yaani nyumba ilidekiwa mpaka ukuta! Asipopokewa vizuri huyo mama, wataificha wapi sura? Jumamosi wakagawana pesa: mume akabeba ya mchele na mafuta, mke akabeba ya mboga na kitenge cha kumvisha mama. Wakakubaliana, wakalala kwa amani.

Baada ya ibada, mnada. Mnaujua mnada wetu: asiye na noti analeta mayai, analeta ndizi, vinauzwa pale nje. Wababa kulia, wamama kushoto, kwaya katikati inaimba kama imelipwa. Siku hiyo akaletwa jogoo. Jogoo gani! Mwekundu, kifua mbele, anatembea kama askofu.

"Elfu ishirini!" akaanza mzee wa kanisa.

Kule kwa wababa mume akawaza: mama mkwe ale wali na mchicha? Akanyoosha mkono. Kule kwa wamama mke akawaza: kitenge atavaa kesho, leo atakula nini? Naye akanyoosha.

"Wamama wamefika ishirini na tano! Wababa, mmekuwa mabubu?"

Thelathini. Thelathini na tano. Mume jasho linamtoka. "Ni nani yule mama mkorofi?" akamuuliza jirani yake.

"Naona vilemba tu, kaka. Usirudi nyuma, utatuaibisha!"

Na mke kule, ameuma meno: "Hivi huyo baba hana mke wa kumzuia?"

Mzee wa kanisa alikuwa anawaona wote wawili. Mungu amsamehe, alinyamaza. Paa la kanisa lilikuwa linavuja.

"Arobaini! Mara ya kwanza, mara ya pili... ameenda kwa wababa!"

Mume akamkumbatia jogoo wake, akavuka uwanja kwa madaha mpaka kwa wamama. "Mke wangu, pokea."

Mke akamtazama jogoo. Akamtazama mume. "Kumbe ni wewe?"

"Kumbe ni WEWE?"

Kwaya ilishindwa kuendelea. Mpiga kinanda alilala juu ya kinanda kwa kucheka.

Mchele ukanunuliwa kwa pesa ya kitenge. Saa nane mama mkwe huyo, kafika. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba." Jogoo yuko mlangoni, kamba mguuni, kisu kimeshanolewa. Mama akamwona, akakaa kwenye kigoda, akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani.

"Wanangu, mimi natoka Singida! Kuku naamka nao, nalala nao, nimewala mpaka naogopa kuota manyoya. Njia nzima nimewaza kitu kimoja, dagaa wa ziwani na ugali. Hamna hata kidogo?"

Dagaa! Dagaa ambao hapa kwetu wameanikwa mpaka kuku wenyewe wamewachoka. Mke akakimbia kwa jirani, akapewa bakuli zima, bure. Mama akala, akalamba vidole, akaomba tena. Ndicho kitu pekee ambacho chuo hakikunidanganya: kuku wa mia hana utamu wa kuku wa kwanza.

Ninyi mnaocheka, hebu tuulizane. Sisi tunashindana na nani? Nani anatupandishia bei, kama si yule tunayelala naye kitanda kimoja? Walipendana wale, sikatai. Lakini ni nani aliyeuliza? Mume hakumuuliza mke, mke hakumuuliza mume, na wote wawili hawakumuuliza mama. Ndivyo tulivyo! Mzee kijijini anatamani umtembelee, unamtumia redio. Mimi mlangoni mnaniuliza "bado?", hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Mwanangu, unajua kufanya nini?" Na Mungu naye tunamletea majogoo makubwa makubwa, tumemuuliza lini anataka nini kwetu?

Jogoo yule hakuchinjwa. Yupo mpaka leo. Kila alfajiri akiwika, bwana yule anageuka kitandani, anamgusa mkewe begani na kumuuliza: "Mama watoto, leo unataka nini?"

Nendeni nyumbani, mkaulizane.