Mkono wa Saumu Haukufika Chini

Mkakasi ni kikasha cha mti kilichopakwa rangi kikapendeza, lakini ukikikwangua utakuta mti ule ule wa kuni. Ndipo wahenga wakasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Saumu wa Ujiji aliijua methali hii tangu utotoni. Kuijua na kuifuata, ndugu zangu, ni mambo mawili.

Saumu alikuwa mchuuzi wa dagaa pale sokoni Katonga. Wenzake walitazama dagaa wa juu ya gunia. Yeye alikunja mkono wa gauni, akazamisha mkono mpaka kwapani, akachota wa chini kabisa. Wakija na mchanga, aliondoka bila kuaga. Wauzaji walimwogopa kama ukoma.

Hata hivyo, miaka kumi ya jua na shombo ilikuwa imemchosha. Alitamani kibanda cha kuchapa kazi karibu na sekondari, kazi aliyoisomea kabla maisha hayajamsukumia kwenye magunia. Mwalimu Dismasi, mwalimu wa taaluma, akampa jaribio: achape mitihani ya muhula, na akiifikisha Ijumaa asubuhi, kazi zote za mwaka ni zake. Akichelewa, zitakwenda kwa mwingine.

Basi akaenda mjini kutafuta laptopu. Nikodemu, fundi kompyuta, alimwonesha moja nyeusi, nzito, iliyochubuka pembe, kwa laki sita. Aliiwasha, akachomoa waya, akaiacha ikifanya kazi saa nzima huku Saumu akimsimulia anavyokagua magunia ya dagaa. Akamweleza kwamba betri yake inadumu saa nne, vipuri vinapatikana, na ikiharibika ndani ya miezi sita ataitengeneza bure. Saumu akazitazama zile pembe, akakunja pua.

Duka la pili lilikuwa na vioo na muziki. Humo akakuta nyembamba, inang'aa kama mgebuka aliyetolewa ziwani sasa hivi, laki tatu na nusu tu. Muuzaji aliapa kuwa ni mpya na imebaki hiyo moja. Hakuichomoa waya, wala Saumu hakumwomba. Yule yule wa kuzamisha mkono mpaka kwapani akalipia dagaa wa juu!

Jumatano alichapa akiwaringia majirani. Alhamisi asubuhi umeme ukakatika, na laptopu ikazimika papo hapo. Mitihani mingine alikuwa ameihifadhi kwenye flashi, lakini wa Jiografia ulipotea wote. Akasubiri mpaka adhuhuri, umeme haukurudi. Alikiona kibanda chake kikizama kabla hakijajengwa, na machozi yakamlengalenga. Akaifunga laptopu kwenye khanga pamoja na flashi na karatasi za mitihani, akapanda bodaboda hadi kwa Nikodemu.

Fundi akafungua skrubu za chini, akainua mfuniko. Ndani mlikuwa na betri ndogo kama ya simu, tena imekufa, na kando yake kibao chembamba cha mti kimegandishwa kwa gundi ili kuongeza uzito.

"Dada Saumu," akasema taratibu, "safari hii mkono haukufika chini."

Saumu akakikodolea macho kile kibao, kisha akaangua kicheko mpaka akakaa sakafuni. Aibu ilimshika kwelikweli, lakini Ijumaa haikumngoja mtu.

"Ile nyeusi bado ipo?" akauliza.

Ilikuwapo. Akatoa mtaji wote wa dagaa wa mwezi ule. Mashine ya laki sita ikawa imemgharimu laki tisa na nusu, maana kule kwenye vioo walimwambia bidhaa ikishatoka dukani hairudi. Akaketi pale pale kwa Nikodemu, akachapa bila umeme, na kabla ya alasiri kwisha Jiografia ilikuwa imekamilika na betri bado ina nguvu. Ijumaa saa moja asubuhi Mwalimu Dismasi alipofungua ofisi, alimkuta mlangoni na bahasha yenye flashi mkononi.

Sasa kibanda kipo, na laptopu nyeusi haijawahi kulala njaa ya kazi. Juu ya meza Saumu amekipigilia kile kibao. Mteja anayetaka kununua laptopu na kuja kumwomba ushauri huambiwa kwanza achomoe waya, kisha huonyeshwa kibao. Akimwuliza ni cha nini, Saumu hucheka na kujibu kwamba hicho ndicho kitu ghali kuliko vyote alivyowahi kununua: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.