Meza ya Nyambeki Mpakani

Afisa wa mpakani, Bwana Kisinja, alitangaza kwamba chochote kitakachovuka mstari kitakatwa nusu, na nusu hiyo iwe ya serikali. Mahindi yakaoza upande huu, samaki wakaoza upande ule.

Nyambeki, mama ntilie, akaweka meza yake juu ya mstari: ugali huku, samaki kule.

“Karibu chakula, Bwana Afisa.”

Kisinja akamega tonge, akanyoosha mkono, akalichovya kwenye mchuzi wa samaki kule. Nyambeki akachomoa kisu.

“Mkono umevuka, bwana. Hiyo nusu tukatie wapi, kiwikoni?”

“Wee! Kilicho juu ya meza hakijavuka!”

“Sema kwa sauti, watu wasikie.”

“Kilicho juu ya meza hakijavuka!”

Nyambeki akawageukia wanawake wa pande zote mbili.

“Haya jamani, mmemsikia. Pandisheni magunia mezani, msukumiane!”