Ua na Sanda ya Mzee Baridi

Paukwa!
—Pakawa!
Pakawa nini?
—Baridi ya kugonganisha meno!
Basi sogeeni motoni. Na wewe uliyekalia kuni, inuka, au tukuchochee pamoja nazo!

Hapo kale, kaskazini ya mbali, ambako ukitema mate yanaanguka yamekuwa jiwe, aliishi Ua mdogo wa manjano. Mtani wake alikuwa Mzee Baridi. Watani hao, kutukanana ruksa, kununa marufuku, na mmoja akifa mwenzake ndiye humzika.

Mwaka huo Baridi akaja amevimba.

“We Kiini-cha-Yai! Kila mwaka nakuua, kila mwaka unarudi. Leo nashuka mpaka mzizini!”

Ua akawaza haraka. Mzizi ukiganda, ndiyo basi, harudi tena.

Baridi akapuliza, fuu! Petali chini. Akapuliza, fuu! Majani yakanyauka. Kabla hajapuliza mara ya tatu, Ua akajibwaga.

“Mama wee, nimekufa!”

“Maiti hasemi!”

“Nasema kwa sababu mtani wangu kaniacha uchi!” Akaimba:

*Mtani nifunike,*
*maiti nisichekwe.*

Sungura Mweupe na Dubu wakaja mbio.

“Kulikoni, Mzee? Humziki mtani wako?”

Baridi akaona haya. Akamwaga theluji kidogo.

*Mtani nifunike,*
*maiti nisichekwe.*

“Miguu iko nje!” Ua akalia. Baridi akaongeza.

*Mtani nifunike,*
*maiti nisichekwe.*

“Mgongo nao! Dubu anachungulia!”

“Mimi?” Dubu akaruka. “Mimi nina wake wawili!”

“Na Mzee mzima na ndevu zake,” Ua akasema, “sanda yake ndiyo nyepesi hivi?”

Loo! Baridi akamwaga theluji mpaka Dubu akazama kiunoni.

“Haya, sasa mzizi!” Akapuliza, fuu! Upepo ukateleza juu ya theluji. Akapuliza mpaka mashavu yakalegea. Huko chini mzizi umejikunyata ndani ya blanketi la theluji, unakoroma.

Jua likarudi, sanda ikayeyuka, Ua akachomoza, njano kuliko mwaka jana.

“Mtani, asante kwa mazishi! Ila chakula cha matanga mbona hukupika?”

Baridi akafungua mdomo, akakumbuka: mtani hanuni. Akaondoka anatiririka jasho. Na hadi leo kila mwaka humuua, kila mwaka humfunika mwenyewe.

Funzo: mwenye nguvu akija kukumaliza, mtafutie kazi ya kulinda heshima yake. Ataifanya kwa bidii mpaka akusahau.

Ngano yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, nirudishieni pamoja na chai. Nami najilaza hapa, nimekufa. Nani mtani wangu alete blanketi?