Jeneza Katika Barabara ya Wazungu

Ndugu zangu, sogeeni ndani, nanyi mlioko barazani msikie vizuri. Zama za mkoloni, mji mmoja ulikuwa na barabara ambayo mtu mweusi haikanyagi ila akienda kufagia ua wa bwana. Akafariki mzee mmoja, mponda kokoto. Barabara ile aliijenga yeye, kwa mikono yake. Watu wakasema: leo atapita hapo hapo kwenda kuzikwa, na atakayekasirika akasirike!

Aliyewakusanya alikuwa fundi cherehani, mtu asiyejua woga, naye ndiye aliyetia bega mbele ya jeneza. Hawajafika mbali, inspekta wa Kizungu akawazuia kwa askari na lori.

"Kiongozi wenu nani?"

"Mimi," fundi akajibu.

"Rudisha watu wako."

"Maiti harudishwi nyumbani, bwana."

Akatupwa ndani ya lori. Mnadhani wenzake walifanya nini? Waliganda! Macho yote kwenye lori, wengine wanalia, "Sasa nani atatuongoza?" Na jeneza limeinama upande, maskini mzee wa watu karibu aanguke.

Fundi akapiga kelele kutoka kwenye lori: "Mnanitazama mimi nina nini? Maiti huyo! Tieni bega!"

Muuza kahawa akaruka, akashika. Akakamatwa. Akaingia mchimba visima, naye akakamatwa. Nanyi mnajua jeneza letu linavyokwenda: kila mtu anataka thawabu, huyu akitoa bega huyu anatia. Inspekta akimkamata wa mbele, wa mbele ni mwingine. Lori likajaa hadi askari wakakosa pa kusimama.

"Nimkamate nani sasa?" inspekta akafoka.

Jeneza likampita, na mzee akazikwa kabla ya magharibi.

Haya, sisi je? Juzi dada yetu kafukuzwa pale kiwandani kwa kuuliza kwa nini mlango wa mbele ni wa weupe peke yao. Tangu siku hiyo tunafanya nini? Tunamsifu! Picha yake tumeiweka kwenye simu, tunangoja azaliwe mwingine kama yeye. Mimi naona haya, wallahi, na nyinyi muone haya. Alichokuwa amekibeba kinaanguka, na mabega tunayo.

Kesho saa moja asubuhi mimi naingia kwa mlango ule wa mbele. Wakinitoa, asinililie mtu. Nikiwa ndani ya gari la polisi nataka kusikia jambo moja tu: nani kaingia baada yangu?