Sindano Tatu za Zimwi

Sogeeni wanangu, ngano inapita! Zimwi lilimgeuza Mfaume mhunzi kuwa sindano ya chuma. Likaichanganya na sindano ya dhahabu na ya shaba, zote zimepakwa masizi.

"Mtambue mumeo," likamwambia Mwanasiti. "Ukikosea, nammeza!"

Mwanasiti alikwisha kulia hata moyo ukafa ganzi. Akatoa jiwe la sumaku, akalipitisha juu ya sindano ya kwanza: kimya. Ya pili: kimya. Ya tatu ikaruka, ikanata! Sumaku, wanangu, huvuta chuma. Dhahabu na shaba haizivuti.

Zimwi likatoweka. Mfaume akasimama, mzima.

"Mke wangu, mbona hufurahi?"

"Ganzi haijanitoka," akasema Mwanasiti. "Nishike mkono, twende nyumbani."

Ngano imetua, laleni.