Gita la Baba Lililopakwa Rangi ya Viatu

Kaeni mkae vizuri. Mwenye simu aizime, na aliyekuja na hasira zake aziache mlangoni, maana humu ndani zipo za kutosha. Nikimaliza kusimulia, kazi itakuwa yenu.

Huko Tukuyu, ambako mvua haina likizo, walizaliwa watoto watatu nyumba moja, na kila mmoja alipewa chake. Subilaga, wa kwanza na binti pekee, alipewa macho. Ni fundi cherehani mjini Mbeya. Mpelekee gauni lililoshonwa upya, atakuonyesha lilipochanika hata kama mwenyewe ameapa halijawahi kuchanika. Ambakisye, wa pili, alipewa masikio. Anafundisha kwaya Njombe, na waimbaji arobaini wakifungua vinywa anajua nani amekuja bila kunywa chai. Lugano, kitindamimba, alipewa mikono. Ni seremala Dar es Salaam, na akipapasa ubao amefumba macho atakuambia ulipasuliwa mkavu au mbichi.

Baba yao, Mzee Gwakisa, alikuwa na gita moja la mbao, na kwa sababu ya unyevu wa kule hakulilaza sebuleni. Alilitundika jikoni, darini, juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu. Moshi unayahifadhi mahindi, alisema, kwa nini usihifadhi gita? Kwa hiyo lilikauka kupita kiasi, gundi ikalegea, likanuka moshi, na mzee akalipiga hivyo hivyo miaka thelathini.

Alipofariki, waombolezaji wakiwa bado uani, mdogo wake Asegelile aliingia jikoni, akalishusha, akaenda kuliuza stendi kwa msafiri hata jina hakumuuliza. Alipobanwa alisema lilikuwa linajaza nafasi. Nafasi ya nani? Jiko la shemeji yake lilimhusu nini? Tangu siku ile Subilaga hajamwamkia baba mdogo huyo, na wakikutana kanisani anahama benchi.

Ikapita miaka miwili. Kila asubuhi, pasi ikiwa inapata moto, Subilaga alipitia kundi moja la mtandaoni la kuuza vitu vilivyotumika. Wengine hutafuta friji humo, yeye alitafuta gita. Siku moja, kati ya kochi na jiko la gesi, akaliona gita jeusi linang'aa. Muuzaji, mtu wa Tandika, Dar es Salaam, anayeitwa Shomvi, alikuwa ameandika: halina tatizo lolote, limetumika kidogo sana.

Subilaga akaikuza picha kwa vidole viwili. Picha zote tatu zilipigwa kwa mbele, juani, hakuna hata moja ya ubavu wala ya mgongo. Ule weusi haukuwa wa kiwandani. Ulipakwa kwa brashi, na ukingoni uliacha michirizi. Ila brashi haikufika ndani ya tundu, na mle ndani kulikuwa na masizi. Akatazama kiunoni mwa gita. Chini ya weusi kulikuwa na kiraka cha mfuniko wa sufuria, kimepigiliwa misumari sita midogo, na msumari wa sita ulikuwa umepinda, kama baba yake alivyoupinda mbele ya macho yake.

Limetumika kidogo sana. Kwa hasira aliisahau pasi mpaka ikaunguza suruali ya mteja. Matusi alikuwa nayo, ya kutosha kujaza kundi lote, lakini aliyameza. Alijua akitaja marehemu baba tu, yule bwana angepandisha bei palepale. Akaandika kwa upole wa kujilazimisha: kaka, bado lipo? Kisha akawapigia wadogo zake.

Ambakisye hakutaka picha, alitaka kusikia. Akampigia Shomvi, akamwomba apige uzi mmoja mmoja ukiwa wazi, halafu ule ule akiwa ameubana katikati ya shingo. Shomvi akawa anapiga na kusifia kwa pamoja, mpaka Ambakisye akamwomba anyamaze, gita lijisemee lenyewe. Mwisho akamwambia aligonge tumbo kwa kidole. Alipokata simu aliwaeleza wenzake kwamba shingo imepinda, maana sauti ya katikati imepanda kuliko inavyotakiwa. Kwamba ubavu mmoja wa ndani umeachia, unalia kila tumbo likigongwa. Na kwamba daraja, pale nyuzi zinapofungwa, linang'oka taratibu, kwa kuwa huyo muuzaji amekaza nyuzi mno ili lionekane zima.

Akampigia tena amwambie azilegeze. Shomvi akajibu kwamba yeye hafundishwi kazi na mteja ambaye hata hela hajatoa. Hapo Ambakisye, mtu wa kwaya, mpole wa kuzaliwa, akapaza sauti mpaka wanakwaya wakaacha mazoezi.

"Zilegeze sasa hivi, nikiwa nasikia. Zikikaa hivyo hadi jioni, tumbo linapasuka, na hapo utauza kuni."

Alizisikiliza nyuzi zote sita zikilegea, ndipo akakata simu.

Mchana ule ule Lugano akatua Tandika. Shomvi akaapa kwa mama yake kwamba gita ni zima. Lugano hakubishana. Aliingiza vidole kwenye tundu, akautoa ule ubavu ulioachia, akamwekea mezani. Kisha akasugua mbao kwa kidole gumba, kidole kikatoka cheusi, akakinusa: rangi ya viatu. Akakipangusa kwenye shati la Shomvi, na bei ikashuka yenyewe. Walilinunua kwa kuchanga wote watatu, sawa kwa sawa, kwa hiyo jibu msilitafute kwenye hela.

Wiki tano Lugano alilifanyia kazi. Aliing'oa shingo kwa mvuke, akainyoosha, akairudisha. Alichonga mbavu mpya na daraja jipya la mninga, akaifuta ile rangi yote, na kiraka cha mzee hakukigusa. Wateja wawili wa makabati walichoka kusubiri wakamhama.

Pasaka wakakutana kwa mama yao. Ambakisye akakaza nyuzi, akapiga. Mama alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini, akasikiliza mpaka mwisho. Wangeishia hapo ningewaruhusu mkalale. Lakini Lugano akalifungasha gita, akasema anarudi nalo Dar.

Ambakisye akauliza kwa ruhusa ya nani. Lugano akasema wenzake walinunua kuni, yeye ndiye aliyezigeuza gita. Ambakisye akasema bila sikio lake hata hizo kuni zingefika zimepasuka, na tena mpigaji humu ndani ni mmoja tu. Wakarushiana maneno, wamesimama, gita katikati yao, na dada yao amekaa pale pale kana kwamba ni mgeni.

Subilaga alikuwa anachemka. Utotoni kila Jumamosi ni yeye aliyefagia masizi chini ya gita lile, na siku aliyolishika baba alimwambia gita si la mtoto wa kike. Alitii. Sasa wadogo zake walikuwa wanalipitisha juu ya kichwa chake tena.

"Miaka miwili nimelitafuta kila asubuhi," alisema. "Nyinyi mlikuwa mnatafuta nini?"

Lugano akanong'ona, akasikika, kwamba dada hajui kupiga, atalitundika ukutani kama kalenda.

"Nitajifunza. Na nikishindwa, nitashindwa nikiwa nalo mkononi."

Hapo mama akasimama. Akasema hataki kelele za watu wazima jikoni kwake, na kwamba baba akiwa hayupo mwamuzi ni mtoto mkubwa.

"Subilaga, amua. Kabla sijaipua ndizi nataka niwe nimesikia, na utakalosema ndilo litakalosimama."

Subilaga akawatazama wadogo zake, na macho yake, mnayajua. Wote wawili walikuwa wametulia, mabega yameshuka. Walijua dada mkubwa hajipakulii kwanza. Kila mmoja alikuwa anangoja kuona ni yupi kati yao atakayepewa, na yeye mwenyewe hawakumhesabu kabisa. Utulivu ule ulimuuma kuliko rangi ya viatu, kuliko Asegelile na stendi yake.

Akilichukua, watasema amejihukumia mwenyewe. Akilitoa, amekubali kwamba gita si la mtoto wa kike. Macho yaliliona, masikio yakalizuia lisipasuke, mikono ikalirudishia sauti. Toa kimoja, hakuna gita.

Ndizi zimeshalainika, mama ameshika vitambaa vya kuipulia sufuria. Haya, wewe uliyekaa hapo umeinama, na wewe unayejifanya unakohoa: ungekuwa wewe ndiye Subilaga, gita ungempa nani, na wale wawili wengine ungewaambia nini, machoni?